Barua ya wazi kwa mnaopanga elimu ya afya kando ya ziwa: tuulizeni kabla bajeti haijafungwa

Kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, Mganga Mkuu wa Wilaya, mratibu wa elimu ya afya kwa umma, mratibu wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, na nyie wadau wa miradi mnaokuja na magari yenu meupe,

Wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati kwenye kijiji cha wavuvi mkoani Mwanza. Kijiji sikitaji na halmashauri siitaji, maana sina shida ya kumchongea mtu kazi yake, alafu ukweli ni kwamba ukipanda mtumbwi hapa ukaenda mwalo wa pili au wa tatu, yaani pale mitumbwi inaposhusha samaki, haya nayosema utayakuta vilevile, kwahiyo anayeona inamgusa ajue ni yake.

Shida yetu ni hii. Elimu ya kichocho mnayotuletea inapangwa ofisini mpaka inaisha, ikifika huku sisi kazi yetu ni kukaa kwenye viti vya plastiki, kusikiliza, kusaini karatasi ya mahudhurio na kugombania fulana. Hamna mahali popote katikati hapo ambapo mtu anatuuliza. Au akituuliza anauliza mambo yakiwa yameshapita, nitafika huko.

Chukulieni mkutano wa mara ya mwisho. Ulikuwa mwezi wa sita, na wote tunajua mwezi wa sita una nini, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 na hela ya shughuli lazima ionekane imetumika, kwahiyo gari likaja mbiombio. Taarifa ilimfikia mtendaji jioni, kesho yake saa nne asubuhi wageni wako mwaloni, spika zimeshafungwa, mabango yanaangikwa. Sasa siku hizo ilikuwa giza. Kwa wasioyajua maisha ya dagaa niwaambie, dagaa anavuliwa kwa taa na taa inamvuta vizuri mwezi ukiwa haupo, kwahiyo siku za giza mitumbwi inaingia majini jioni inarudi alfajiri, mwanaume akishuka anakula anaanguka kulala, na hapohapo kina mama wanapokea mzigo wanaanza kuanika kwa haraka maana dagaa akichelewa kuanikwa anaharibika na hasara ni ya mama sio ya mwenye mtumbwi. Saa nne asubuhi ya siku ya giza mwaloni kuna waliolala, kuna wanaoanika, na kuna watoto ambao walitakiwa wawe shule. Ndo hao watoto waliopata elimu, pamoja na wazee wachache waliokuja kwa ajili ya kivuli cha turubai.

Mbalamwezi ikiingia mambo yanageuka kabisa. Zinakuja siku kadhaa mfululizo nyavu ziko nchi kavu zinashonwa, vijana wanacheza bao na kubishana mpira, ukiita mkutano hata saa mbili asubuhi unapata watu mpaka wanasimama. Hii kalenda hata mtoto wa darasa la kwanza huku anayo kichwani. Ila kwenye mpango kazi wenu kuna robo ya kwanza, robo ya pili, robo ya tatu, mwezi wa angani haumo.

Alafu lile bango. Lilikuwa bango zuri tu, rangi zimekolea, mtoto wa kiume kasimama pembeni ya majani anakojoa mkojo mwekundu, chini yameandikwa maneno makubwa kwamba ukiona hivi wahi kituo cha afya. Mama mmoja aliacha dagaa wake akasogea, akaliangalia sana, akauliza, "Kwahiyo huyu wangu kama mkojo wake ni msafi hana kichocho?" Mtaalamu akamjibu kwa upole kabisa kwamba akiona damu kwenye mkojo ndo amlete. Mama akashukuru, akarudi kuanika.

Jamani. Kichocho kinachotutesa sisi tunaoishi ukingoni mwa ziwa ni cha tumbo. Kinaletwa na minyoo inayoitwa Schistosoma mansoni, konokono wanaoibeba wapo hapahapa pembeni ya ziwa, kiluwiluwi chake kinapenya kwenye ngozi ukiwa majini, minyoo ikishakua inakaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo na mayai yake yanatoka na kinyesi, sio na mkojo. Dalili zake ni tumbo kuuma, kuharisha damu, mwili kuchoka, na ikikaa miaka mingi ini na bandama vinavimba, tumbo linajaa maji, wengine wanaishia kutapika damu na kufa. Kile cha mkojo, Schistosoma haematobium, kipo sana ukiingia ndani mbali na ziwa, kwenye malambo na madimbwi ya mvua huko usukumani, na kule lile bango lingekuwa limefika mahali pake, tena mngeongeza na habari ya kina mama na wasichana maana kile kinashambulia mpaka sehemu za uzazi na wengi wanatibiwa kama wana magonjwa ya zinaa.

Sasa angalieni kilichotokea kwa yule mama. Kabla ya mkutano alikuwa na wasiwasi na mtoto wake, na wasiwasi wake ulikuwa wa maana kabisa, mtoto anashinda ziwani na tumbo linamsumbua kila siku. Baada ya mkutano wasiwasi umeisha. Elimu yenu imemuondolea kitu sahihi alichokuwa nacho kichwani. Na kwenye taarifa ya robo nina uhakika ameingia, mwananchi mmoja mwanamke kafikiwa.

Hii kazi ya kuuliza kwanza mnaijua kuliko mimi, mmeisoma chuoni, inaitwa tathmini ya mahitaji. Mwaka 1972 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Jonathan Bradshaw, aliyagawa mahitaji ya watu mafungu manne na mpaka leo wanafunzi wa afya ya jamii wanayafundishwa: kuna hitaji analoliona mtaalamu kwa vigezo vyake, kuna analolihisi mwananchi mwenyewe, kuna lile linaloonekana kwa vitendo kwa sababu watu wamelifuata wamepanga foleni, na kuna linalojitokeza ukilinganisha watu hawa na wale. Hayo mafungu manne mkiyaleta mwaloni kwetu mtaona mchezo wote ulivyo. Mtaalamu anaona mayai ya minyoo kwenye kinyesi cha watoto, anasema hitaji ni elimu. Mwananchi ukimuuliza anasema maji ya bomba, na choo ambacho hakibomoki, na dawa kwa watu wazima. Foleni ya kichocho zahanati haipo kabisa. Na ukilinganisha kijiji chenye bomba na sisi tusio nalo hata hauhitaji kipimo, nenda tu kaangalie watoto wanaoga wapi.

Hilo la foleni nalisema kwa kirefu kidogo maana linawadanganya sana. Mpango wa afya unaanzia kwenye takwimu za MTUHA, ule mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa vituo vya afya, si ndio? Sasa zahanati yetu haipimi choo kwa ajili ya kichocho. Ile kazi inataka darubini, inataka mtu wa maabara na muda wa kuandaa kinyesi kwenye kioo na kuhesabu mayai, sisi tuna nesi na mganga na kipimo cha haraka cha malaria. Mtu anakuja anaharisha damu, anaandikiwa kuhara damu au minyoo au tumbo, anapewa dawa anaenda. Wengine hawaji kabisa, wanaenda duka la dawa, au kwa mganga wa kienyeji maana tumbo likivimba huku kuna watu wanasema karogwa. Mwisho wa mwezi kitabu kinaonyesha kichocho sifuri au mmoja. Nyie mnafungua mfumo mnaona hamna wagonjwa, mnaweka hela kidogo, hela ikiwa kidogo darubini haiji, darubini isipokuja sifuri inabaki palepale mwaka mwingine. Kwahiyo mkisema mpango wenu umejengwa kwenye data mimi nawaamini kabisa, ila ni data ya kisichopimwa.

Na msinielewe vibaya nikawa kama nasema tatizo ni kwamba hatuulizwi kamwe. Tunaulizwa. Wanakuja vijana na vishikwambi, wanachagua kaya, wanauliza maswali mengi mpaka mama anachoka, mna choo, mnanawa mikono lini, mnachota maji wapi, umewahi kusikia kuhusu kichocho, wanapiga picha choo, wanashukuru wanaondoka na hamna anayerudi. Watu wameshajifunza kujibu. Ukimuuliza mama ananawa mikono lini anakutajia nyakati zote kwa mpangilio kama wimbo wa chekechea, na sabuni hana. Kuna mwaka tuliitwa ofisi ya kata tueleze mahitaji yetu ya elimu ya afya, tukaongea siku nzima, wakaandika kwenye makaratasi makubwa ya ukutani, baadae nikaja kujua kutoka kwa mtu wa ndani kwamba mada na idadi ya mabango vilikuwa vimeshaingizwa kwenye mpango kabla hata hatujaitwa. Ni sawa na daktari kukuandikia dawa ukiwa bado uko kwenye benchi nje, alafu anakuita ndani anakuuliza unaumwa nini kwa sababu fomu ina hiyo sehemu ya kujaza.

Swali langu kwa hiyo ni jepesi. Jibu letu linaweza kubadilisha nini kwenye mpango? Kama halibadilishi kitu, msituulize, tuacheni tuanike dagaa.

Maana suala la maarifa huku tumeshavuka zamani. Simamisha mtoto yeyote umuulize kichocho kinapatikana wapi, atakuonyesha ziwa kwa kidole, na jioni hiyohiyo atalioga. Sio mjinga. Mama yake anachota hapo, anafua hapo, anaosha vyombo hapo, baba yake anasukuma mtumbwi hapo akiwa kwenye maji mpaka kiunoni, na dumu la maji ya kisima linaletwa na kijana wa toroli kwa hela ambayo mwenye watoto watano hawezi kuitoa kila siku kwa ajili ya kuoga. Kumwambia huyu mama "epuka kugusa maji ya ziwa" ni kumwambia ahame. Lawrence Green na wenzake kule Marekani miaka ya 1970 walitengeneza utaratibu wa kupanga elimu ya afya unaoitwa PRECEDE, na kilichonifurahisha niliposimuliwa na mtu aliyesomea ni kwamba unaanzia mwisho unarudi nyuma, kwanza unauliza watu hawa wanataka maisha yao yaweje, alafu ugonjwa gani unawazuia, alafu tabia gani na mazingira gani yanaleta huo ugonjwa, ndo unachambua kwanini: yapo mambo ya kichwani yanayomfanya mtu atake au asitake, yapo yanayomwezesha au kumkwamisha, na yapo yanayomtia moyo aendelee au aache. Bango linagusa hilo la kwanza tu. La pili ni maji, choo, dawa, nauli. La tatu ni nani anakusifu na nani anakucheka, mfano kijana wa mtumbwi akisema nashuka nikajisaidie chooni wenzake wanamcheka mpaka basi, hilo bango haliligusi, ila tajiri mwenye mitumbwi akisema neno moja linagusika.

Choo nacho tusidanganyane. Kampeni ya Nyumba ni Choo tuliipokea, wimbo tunaujua. Lakini mwaloni ni mchanga, ukichimba shimo linajaa maji na kuta zinabomoka kabla hujafikia urefu wa mtu, na visiwani ni mawe, sululu inaruka. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likala nyumba na vyoo vya watu kwenye mialo mingi, tulikuwa tunaangalia tu choo cha jirani kinaingia majini na vyote vilivyokuwemo. Mtu aliyechimba choo chake kikaondoka na ziwa mkija kumhimiza achimbe tena anawaangalia tu. Anataka aambiwe choo gani kinasimama kwenye mchanga, kinagharimu shilingi ngapi, fundi wake yuko wapi. Hilo ndo somo la elimu ya afya huku kwetu na sijawahi kuona bango lake.

Dawa sasa. Praziquantel, ndo dawa ya kichocho, kwa miaka mingi imekuwa ikigawiwa mashuleni, watoto wanapimwa na ile fito ya urefu ijulikane vidonge vingapi, wanameza, tunashukuru sana na tunaomba isikome. Ila baba yake anayesukuma mtumbwi hamezi, mama anayefua hamezi, mdogo wake ambaye hajaanza shule na anaogeshwa ziwani kila jioni hamezi, na aliyeacha shule akawa anabeba ndoo za dagaa hamezi. Dawa inaua minyoo iliyokwisha kukomaa lakini haikukingi usipate mingine, kwahiyo yule mtoto wa shule anatibiwa alafu anarudi kwenye maji yaleyale ambayo wazazi wake wanayachafua. Shirika la Afya Duniani (WHO) kwenye mwongozo wake wa 2022 lilishasema sehemu ambazo maambukizi yanafika asilimia 10 na kuendelea dawa ipewe watu wote kuanzia miaka 2, watu wazima wakiwemo, hata mjamzito akishavuka miezi mitatu ya mwanzo. Sasa kwenye ile tathmini ambayo haikufanyika swali la kwanza lingekuwa hili, nani anaingia kwenye maji na hamezi dawa, na jibu lingekuwa mwaloni kote.

Mnaweza kusema kuuliza kunachelewesha. Nawakumbusha Morogoro 2008. Watoto wa shule za msingi waligawiwa dawa za kichocho na minyoo, zikasambaa habari kwamba watoto wanakufa, wazazi wakakimbilia shuleni kuwatoa, vurugu zikawa kubwa na zoezi likasimamishwa. Dawa ilikuwa ileile nzuri inayojulikana. Watafiti walioenda baadae kuongea na watu walikuta habari haikuwa imewafikia wazazi inavyotakiwa. Na mtu anayejua praziquantel anajua ukiimeza tumbo likiwa tupu unaweza kupata kichefuchefu, tumbo kukata na kizunguzungu, sasa mzazi ambaye hakuambiwa hilo akimwona mtoto anatapika akiwa na vidonge vya serikali tumboni mlitaka awaze nini? Wiki moja ya kukaa na wazazi na kusikiliza wanaogopa nini ingekuwa rahisi sana kuliko kuja kuirudisha imani yao baadae.

Zanzibar kuna mfano mwingine naupenda zaidi. Unguja na Pemba kuanzia kama 2012 walifanya mradi mkubwa wa kutaka kuumaliza kichocho, dawa zinatolewa mara mbili kwa mwaka, sehemu nyingine wakaongeza kuua konokono, na sehemu nyingine wakaongeza elimu ya kubadili tabia. Hiyo elimu hawakuileta imekamilika, walikaa na watu, waalimu, watoto, kina mama, wakaangalia wapi wanagusa maji na kwanini, na vilivyotoka humo ni vitu vya kushika: sehemu za kufulia nguo nje ya maji, michezo ya watoto ya nchi kavu, na sehemu za wanaume kukojoa. Kule kichocho chao ni cha mkojo, ndo maana mahali pa kukojoa paliingia akilini. Mkivichukua vile vyoo vya kukojolea mkavijenga huku kwetu kwenye kichocho cha tumbo mtakuwa mmetumia saruji bure. Cha kuiga ni kule kukaa chini na watu, sio kile kilichojengwa.

Na ili niwe mkweli, ule mradi wa Zanzibar maambukizi yalishuka sana lakini hayakuisha, na zile sehemu zilizoongezewa elimu hazikuziacha mbali zile zilizopewa dawa peke yake. Kuna watu watachukua hilo waseme umeona, elimu haina kazi. Mimi nachukua hivi: wale walipima kabla, wakapima kila mwaka, ndo maana wanaweza kusimama wakasema kilichofanya kazi na kisichofanya. Nyie mnaweza kusema nini kuhusu lile bango? Mnajua yalibandikwa mangapi.

Wazee wetu hapa wanakumbuka kampeni ya elimu ya afya kwa redio, Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na jina hilo mmelirudisha, vizuri. Ila kumbukeni ilikuwaje ile ya kwanza. Redio Tanzania inarusha kipindi, watu wamekaa kwenye vikundi chini ya mwembe na kitabu chao na kiongozi wa kikundi aliyefundishwa, kipindi kikiisha wanajadili hapa kwetu hili likoje, alafu wanaamua tunafanya nini wiki hii, wanaenda kufyeka au kuchimba. Walishiriki kama watu milioni 2, na kichocho kilikuwemo kwenye masomo. Nchi maskini kuliko leo, hamna simu, hamna projekta. Redio ilikuwa inatoka Dar lakini uamuzi ulikuwa wa kikundi. Saivi tuna kundi la wasap la kijiji lenye watu kibao na kinachotumwa na afya humo ni picha za viongozi wakikata utepe.

Hata vyombo vya kufanyia hii kazi vipo, sio kwamba naomba kitu kipya. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 hela zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na zahanati ina mpango wake unaopita kwenye kamati, ndo hii niliyomo mimi. Kamati ina wajumbe kutoka kwa wananchi. Kijiji kina utaratibu wa Fursa na Vikwazo wa kuibua vipaumbele. Januari 2024 mlizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo 137,294 nchi nzima ndani ya miaka 5, watu wa kutoka vitongoji hivihivi. Huyu mhudumu ndo anajua nyumba gani ina mtoto mwenye tumbo. Mkimtumia kugawa vipeperushi tu mmemharibu. Mpeni daftari la kuandika anachokiona na mumsikilize mnapopanga, hiyo ndo kazi kubwa kuliko kipeperushi.

Kwahiyo tunachoomba. Maandalizi ya mpango wa mwaka ujao wa fedha yanaanza kuelekea mwisho wa mwaka huu, njooni kabla ya hapo, na njooni mbalamwezi. Msilete spika wala fulana. Leteni watu wawili watatu wanaojua kusikiliza, mtembee na sisi ukingo wote wa ziwa tangu asubuhi mpaka jioni, mwone wanafulia wapi, wanaogea wapi, wanajisaidia wapi, konokono wapo wapi, mwandike kwenye ramani ambayo tutabaki na nakala yake. Kaeni na kina mama wa dagaa peke yao bila wanaume, kaeni na vijana wa mitumbwi peke yao bila matajiri wao, alafu ndo na matajiri na BMU, kile kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni. Msiite kina mama wasimulie habari ya sehemu za siri mbele ya mwenyekiti wa kijiji, hawatasema.

Wapimeni choo angalau watoto wa shule na watu wazima kidogo wa mwaloni kabla hamjaanza chochote, hata kama mtu wa maabara mtamuazima kituo cha afya kwa siku chache, ili tuwe na namba ya kuanzia. Kwenye kiashiria cha mradi ile "idadi ya waliofikiwa" iwekeni chini kabisa au itoeni, wekeni wangapi wana mayai, kina mama wangapi wamehamia kufua juu ya sehemu ya kufulia, vyoo vingapi bado vimesimama mvua ikiisha. Jaribuni bango kwa watu kumi kabla ya kuchapa mia tano, yule mama angewaambia pale pale kwamba picha imempoteza. Kama hela ni ndogo, na najua ni ndogo, basi kata moja ifanyiwe vizuri na nyingine zisubiri kuliko zote kupata bango.

Na idara zenu ziongee. Maji ni ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, vyoo ni vya afya mazingira, dagaa ni uvuvi, dawa ni yenu, shule ni elimu, na kichocho kinapita kwa wote hao bila kuomba kibali. Mkileta tathmini yenye afya peke yake itatoka na jibu la afya peke yake, ambalo ni bango.

Mambo mengine hayahitaji hata tathmini, darubini tunaihitaji leo, na mtu wa kuitumia. Dawa kwa watu wazima ombeni huko juu, mwongozo upo. Na ile ya watoto wadogo wa chini ya shule ambayo WHO iliipitisha 2024, tuambieni inakuja au haiji, mama wakituuliza hatuna la kusema.

Mkishapata majibu yaleteni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, myasome mbele ya watu, mseme hili tutalifanya, hili hatuliwezi kwa sababu hii, hili ni lenu wenyewe. Hata likiwa la kutukatisha tamaa. Msiyalete kwa kamati peke yake, maana sisi ndo tunaokutana na watu kisimani na dukani, na tumechoka kuulizwa maswali ambayo majibu yake yako kwenye mafaili yenu.

Wenu,
Mjumbe wa kamati ya zahanati, kando ya ziwa, Mwanza